Mnusa Chupa wa Rujewa

Kwenye karatasi ya mishahara kazi ya Sedekia Kalinga iliandikwa "kibarua, stoo". Lakini ungefika Rujewa miaka ile ukamuulizia kibarua wa stoo, watu wangekutazama tu. Ungemuulizia mnusa chupa, hata mtoto wa kubebwa mgongoni angekunyooshea kidole.

Kuanzia mwaka 1972, kila asubuhi isipokuwa Jumapili, Sedekia alikaa kwenye kigoda mbele ya mlango wa stoo ya duka, watu wakapanga foleni na vikapu vyao vya chupa tupu. Alichukua chupa, akaipeleka puani, akavuta pumzi moja, kisha akatoa hukumu. Hukumu zake zilikuwa mbili. "Hii ndiyo." "Hii hapana." Chupa ya ndiyo iliingia kwenye kreti. Chupa ya hapana ilirudi kwenye kikapu cha mwenyewe, na mwenyewe akarudi nayo kwake akinung'unika.

Sheria hii hakuitunga yeye. Kampuni iliyotengeneza soda ilimtuma bwana mmoja mwenye soksi ndefu kuja kuieleza, na bwana yule aliieleza kwa saa nzima juani huku akijifuta jasho. Soda ni yako, alisema, chupa ni ya kampuni. Ukishakunywa kilicho chako, rudisha kisicho chako. Asiyeleta chupa tupu hapewi iliyojaa, awe na hela awe na nini. Na chupa inayonuka kampuni haiitaki, kwa sababu mashine yao ya kuoshea inatoa uchafu lakini haitoi harufu. Ikikutwa moja ndani ya kreti, kreti nzima itarudishwa Rujewa na duka litakaa nayo. Alipomaliza akabandika tangazo ukutani: CHUPA YA MAFUTA YA TAA, DAWA YA MIFUGO AU KITU KINGINE CHOCHOTE CHENYE HARUFU HAIPOKELEWI. Akanywa soda mbili, akaondoka. Chupa zake aliziacha juu ya kaunta bila kuzirudisha kwenye kreti, na watu waliliona hilo.

Sheria ilikuwa nzuri. Tatizo ni kwamba mtu aliyeitunga alikuwa na kabati nyumbani kwake. Rujewa chupa ya soda ndiyo ilikuwa kabati. Ndani yake kilikaa kila kitu cha nyumba kinachomiminika: mafuta ya taa, samli, asali, mafuta ya nyonyo, maji aliyoyaombea mchungaji, na moshi, ile pombe ya kukeneka ambayo serikali iliikataza na watu wakaitikia kwa kuificha. Kwa hiyo kila chupa iliyofika kwa Sedekia ilikuja na habari za nyumbani, na pua yake ilizisoma zote.

Alijua mambo mengi mno. Alimjua mzee mmoja wa kanisa, jina lake tuliache lipumzike, ambaye chupa zake zote zilinuka moshi hata alipokuwa akihubiri dhidi ya moshi. Mwaka 1974 alinusa samli ya nyumba moja ndani ya chupa ya nyumba nyingine, nyumba ambayo haikuwa na ng'ombe wala undugu na ile ya kwanza. Akasema, "Hii hapana," akanyoosha mkono kwa aliyefuata. Hakusema inanuka nini. Hakusema kamwe. Hiyo ilikuwa sheria yake mwenyewe, haikubandikwa popote, na kwa ajili yake watu walimvumilia. Mtu anayejua siri za mji mzima na bado hajapigwa ana adabu ya namna fulani.

Pua hiyo aliipata kwao Igowole, huko Mufindi kwenye ukungu, na mwalimu wake alikuwa mama yake. Marta alikuwa akiuza ulanzi, ile pombe inayogemwa kwenye mianzi. Siku ya kwanza ulanzi unaitwa mtogwa, ni mtamu, unampa hata mtoto. Siku ya pili na ya tatu unakuwa mkangafu, na ukimpa mtoto utajibu kwa baba yake. Kati ya mtogwa na mkangafu kuna saa, na wateja wa Marta kila mmoja alikuwa na saa yake. Marta hakukubali kuonja, alisema kuonja ni kunywa kwa wizi. Alimwita Sedekia. Sedekia aliinama juu ya kibuyu, akanusa, akasema, "Bado." Au, "Tayari." Alikuwa na miaka saba. Hata wakati ule hakuwa mtu wa maneno mengi.

Alishuka Usangu na barabara. Walipojenga ile ya lami kwenda Zambia alikuwa kibarua wa kubeba kokoto, na barabara ilipompita yeye akabaki Rujewa, akamwoa Roza, akazaa Lea na wenzake watatu. Mfanyabiashara mwenye duka alimchukua siku aliyomsikia akisema, kwa mbali, kwamba pipa la tatu la mafuta ya kula limeingia maji ya mvua. Lilikuwa limeingia kweli. Mwaka 1976 ikaja operesheni ya maduka, mfanyabiashara akafunga virago, na kijiji kikafungua duka la ushirika humo humo ndani. Walirithi mizani, kaunta, mapipa, paka na Sedekia. Meneja mpya, Jailos, mtu wa kuogopa kamati na kutisha wateja, alisema jambo moja la busara katika uongozi wake wote. Alisema paka na Sedekia wasiguswe.

Pua ya Sedekia ilipata umaarufu kupita soda yenyewe. Zahanati wakati ule ilikuwa na dawa ya kikohozi lakini haikuwa na chupa za kuitilia, mgonjwa alitakiwa aje na yake. Waliokosa walipewa chupa na duka: kila Jumatatu Jailos alitenga kumi kati ya zile zilizopita kwa Sedekia, akazituma zahanati kwenye boksi. Kampuni haikuambiwa. Mama akipewa dawa ya mwanawe ndani ya chupa ile, alikuwa akiuliza tu, "Imepita kwa Kalinga?" Ikiwa imepita, aliiweka mdomoni mwa mtoto bila wasiwasi.

Mwezi wa nne mwaka huo huo wa 1976, Andendekisye, dereva wa lori la soda, alimletea chupa moja kutoka Igowole. Alikuwa amepita huko kwa shughuli zake, akamsalimia kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, Kalinga. Mama yako amekusalimu. Amesema ukiinywa yote leo hana mwana."

Ulikuwa ulanzi wa Marta. Ulikuwa umesafiri siku moja, umepita mtogwa, haujafika mkangafu, pale pale alipopapenda mwanawe. Marta alikuwa ameupigia hesabu mpaka na mwendo wa lori. Sedekia alikunywa kidogo kila jioni, na ulipobaki wa vidole viwili akaacha, akaziba kwa gunzi, akaiweka chupa juu ya ukuta chini ya paa. Mwezi wa sita Marta akafa.

Walimzika asubuhi ya ukungu, mvua ya manyunyu ikinyesha kwa siku tatu bila kupumzika. Sedekia alisimama kaburini na koti la kuazima. Alirudi Rujewa na mafua yaliyomlaza wiki nzima. Mafua yakaisha. Siku aliyotoka kitandani alipanda juu ya stuli, akashusha ile chupa, akatoa gunzi, akanusa. Akaitazama chupa, akanusa tena. Akachukua kibatari akanusa, akaenda akanusa kitunguu, akaenda zizini kwa jirani akasimama. Hakukuwa na kitu. Dunia ilikuwa imeoshwa na mashine ya kutoa harufu, ile ambayo bwana wa soksi ndefu alisema hawana.

Sedekia aliogopa. Tuseme wazi, maana yeye hakusema. Huku Usangu hakuwa na shamba, la Igowole alikuwa ameshawaachia ndugu zake, na watoto wanne wanakula kila siku hata kama baba hanusi. Aliziba chupa ya mama yake kwa gunzi, akairudisha juu. Asubuhi akaenda kukaa kwenye kigoda.

Siku ile ya kwanza alisema "hii ndiyo" na "hii hapana" kwa kubahatisha, jasho likimtoka. Lakini katikati ya foleni aliona kitu. Alipoinua chupa ya mama fulani mpaka puani, yule mama alianza kuangalia kuku. Hapakuwa na sababu ya kumwangalia yule kuku. Sedekia akasema, "Hii hapana," na mama akaichukua chupa upesi, bila ubishi, kama mtu aliyekwishajua. Aliyefuata alimtazama usoni akimsubiri amalize. "Hii ndiyo." Aliyefuata akaanza kumsalimia mtu wa nyuma yake ambaye walikuja pamoja. "Hii hapana."

Kumbe miaka yote alikuwa akinusa kitu ambacho wenyewe wamekuja nacho machoni. Akawa anainua chupa, anavuta pumzi kama zamani, na macho yake yanapita juu ya mdomo wa chupa mpaka kwa mwenye chupa. Mwenye mafuta ya taa anatazama chini. Mwenye samli anatazama pembeni. Mwenye moshi anakutazama machoni zaidi ya inavyohitajika, na mzee wa kanisa alikuwa akiuliza hali ya watoto. Miezi kumi na nane Sedekia alifanya kazi hivyo, na katika miezi hiyo kampuni haikurudisha kreti hata moja. Zamani, pua ikiwa nzima, zilikuwa zikirudi mbili tatu kwa mwaka. Jailos alimsifu mbele ya kamati. Kamati ikampigia makofi. Sedekia alikaa chini akitazama kuku.

Hilo lilikuwa doa lake, na alilijua: usiku na mchana alikuwa mwenye chupa ya mafuta ya taa, na hakuna aliyemwangalia usoni.

Sasa tufike Jumatatu moja ya mwezi wa pili, 1978. Mbuke, mama Budeba, alisimama kwenye foleni na kikapu cha chupa saba. Mbuke na mumewe Bujiku walikuwa Wasukuma waliohamia Usangu na ng'ombe wao, wakajenga ng'ambo ya mto. Alikuwa mwanamke mrefu, mtaratibu, asiye na Kiswahili kingi na asiye na haraka ya kukiongeza. Sedekia alipenda zamu yake, kwa sababu uso wa Mbuke ulionyesha moyo mweupe. Kama chupa ni mbaya yeye mwenyewe aliiweka kando kabla hajaulizwa.

Siku ile hakuweka kando hata moja. Sedekia aliinua ya kwanza, akamtazama. Mbuke alimtazama, ametulia tuli. "Hii ndiyo." Zote saba zikawa ndiyo. Zikaingia kwenye kreti, nyingine kwenye kreti hii, nyingine ile, kadiri zilivyokuwa na nafasi. Jailos akaja akatoa chupa kumi za zahanati kutoka hapa na pale, akazipanga kwenye boksi. Saa nne lori la Andendekisye likafika, likageuza, kreti ishirini zikiwa zimepangwa tayari kupakiwa.

Ndipo Bujiku akatokea mbio, fimbo mkononi, shuka begani inataka kuanguka.

"Mke wangu ameleta chupa hapa?"

"Ameleta," Jailos akasema. "Zimepita zote."

"Moja si ya kupita!" Bujiku akashika magoti akitafuta pumzi. "Ile ilikuwa nyuma ya kihenge. Ile ya dawa ya josho, sumu ya kupe. Nilipewa kidogo kule, nikapaka ndama. Ilibaki ndani, mimi nikaificha, huyu akafagia, akaitoa!"

Mbuke alikuwa bado hapo, ananunua chumvi. Alimwelewa mumewe kabla hajamaliza. Alishika mdomo.

"Nilisuuza," akasema. "Nikasuuza na maji zote pamoja, nikaweka kikapuni."

"Hukunusa?" Jailos akafoka.

"Ninuse mimi?" Mbuke alishangaa kwa dhati. "Kunusa si kazi ya baba Lea?"

Hakukosea. Rujewa nzima ilikuwa imeacha kunusa chupa zake tangu 1972. Kulikuwa na mtu wa kazi hiyo, analipwa, na alikuwa hakosei.

Watu wote wakamgeukia Sedekia. Hawakumgeukia kwa lawama, hilo ndilo lililomuumiza. Walimgeukia kwa raha, kama watu wanaosubiri kuona fundi akifanya kazi. Bujiku mwenyewe alikuwa ameanza kutabasamu. Ikiwa ilimponyoka mara moja kati ya vikapu vyote vya asubuhi, basi haitamponyoka mara ya pili.

"Haya Kalinga," Andendekisye akasema kutoka kwenye usukani, "itafute upesi, mimi nina safari ya Mbeya."

Kreti ishirini, chupa ishirini na nne kila moja, na boksi la zahanati pembeni. Sedekia alichuchumaa kwenye kreti ya kwanza, akachukua chupa, akaiinua. Chupa haina uso. Alivuta pumzi. Alivuta pumzi ya hewa tupu, akairudisha chupa, akachukua nyingine.

Njia ya kutokea aliiona waziwazi. Angechukua chupa yoyote, ya kumi au ya arobaini, angekunja uso, angesema, "Hii hapana," na kuipasua kwenye jiwe. Nani angebisha? Bujiku angemshukuru, Jailos angemsifu, lori lingeondoka. Kazi yake ingebaki na watoto wangekula. Ile chupa yenyewe ingekwenda huko iendako, ikaoshwa na mashine isiyotoa harufu, ikajazwa soda ya machungwa, ikanywewa na mtu asiyemjua kati ya Tunduma na Ruaha Mbuyuni. Aliinua chupa ya tisa. Alianza kukunja uso.

Macho yake yakapita juu ya mdomo wa chupa kama yalivyozoea, yakaangukia boksi la zahanati. Mama mmoja, akiwahi zahanati, alikuwa ameshatoa moja, ameishika mkononi, mtoto amelala mgongoni akikohoa usingizini. Alikuwa anamtazama Sedekia kwa uso usio na kitu cha kuficha.

Sedekia akaishusha chupa ya tisa.

"Weka hiyo chini, mama," akasema. Kisha akasimama. "Mimi sinusi."

"Ndiyo kwanza umeanza," Jailos akasema.

"Sinusi kitu. Tangu nimzike mama. Mwaka mmoja na nusu sasa. Hata moshi wa lori hili siusikii."

Injini ya lori ilikuwa inaunguruma na moshi wake unawatoa wengine machozi. Kuku akapita. Hakuna aliyemwangalia.

"Na zile kreti zote?" Jailos akauliza, sauti imekwenda juu kama ya mtoto. "Zile nilizokusifia mbele ya kamati?"

"Nilikuwa nawatazama," Sedekia akasema. "Nyinyi."

Hapo foleni ikaanza kukumbuka mambo, kila mtu yake, na mzee wa kanisa, aliyekuwa wa tano, akakumbuka kwamba ameacha kitu nyumbani.

Mbuke ndiye aliyesogea kwanza. Aliweka chumvi yake chini, akachuchumaa kwenye kreti ya kwanza, akaanza. Kisha yule mama wa mtoto akachukua kreti ya pili. Kisha wengine. Andendekisye akazima injini, akashuka akitukana kwa Kinyakyusa, akachukua kreti yake. Watu kumi na saba walichuchumaa juani wakinusa chupa mia nne na themanini na zile kumi za zahanati, na Sedekia, ambaye hakuwa na la kufanya, aliwapangia walizomaliza.

Mtu anayependa kupamba hadithi angesema chupa ilikutwa kwenye boksi la zahanati. Haikuwemo. Boksi lilikuwa safi. Ilikutwa kwenye kreti ya kumi na nne, na Mbuke ndiye aliyeikuta. Aliitoa mbali na uso, akamwonyesha mumewe, na Bujiku akaipokea kama mtu anayekabidhiwa nyoka. Mafuta ya taa yalikutwa kwenye chupa mbili tu. Mbili, kati ya zote zile. Hilo lilisemwa kwa sauti, lakini siku ile hakuna aliyetaka kulisikia.

Sedekia alikwenda nyumbani mchana kweupe, kitu ambacho hakuwahi kufanya siku ya kazi. Roza alikuwa anapeta mchele uani.

"Nimewaambia," akasema.

Roza hakuuliza amewaambia nini. "Vizuri."

"Wewe ulijua?"

"Baba Lea, mwaka juzi niliunguza wali mpaka jirani akaja kuuliza. Ukaula wote, ukasema mtamu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe kwa nini hukuniambia?" Roza aliacha kupeta. "Nilingoja. Nikasema ataniambia leo, ataniambia kesho. Iliniuma, usifikiri haikuniuma."

Sedekia alikaa chini kando ya ungo. Alikuwa amezitazama nyuso za mji mzima kwa miezi kumi na nane na huu hakuutazama. Alimwomba radhi, na si kwa maneno mawili.

Kamati ilikaa, ikanywa chai, ikaamua kwamba kazi ya kunusa apewe mwenye pua. Mbuke alipewa kigoda. Wengine walilalamika kwamba hajui Kiswahili, wakajibiwa kwamba kazi ile ina maneno mawili. Sedekia alipata kibarua kwenye mashine ya kukoboa mpunga, kufagia pumba. Vumbi lile liliwakimbiza vibarua wengine baada ya wiki, yeye akadumu. Mwezi wa kwanza wa Mbuke kampuni ilirudisha kreti mbili. Jailos aliiandikia kampuni barua ya kuomba radhi, na hakumuuliza mtu kwa nini.

Mwaka uliofuata nchi ilikuwa vitani na malori yamekwenda Kagera. Lori la soda lilikuja mara moja kwa mwezi, au halikuja. Chupa zikawa ghali kuliko kilichomo. Na Lea alikuwa anapata kipaimara, mtoto wa kwanza, na Roza alikuwa ameshawaalika wageni ishirini na watatu, mumewe akawa wa ishirini na nne, bila kumuuliza mtu, kwa sababu kreti ina ishirini na nne.

Walikusanya chupa wiki tatu. Waliazima, walibadilishana kwa mayai, wakafika ishirini na tatu. Asubuhi ya Jumamosi, Roza akiwa kanisani kusafisha, Sedekia alipanda juu ya stuli akashusha ile ya juu ya ukuta. Ilikuwa na vumbi. Alitoa gunzi, akanusa kwa mazoea. Hewa tupu. Akamwaga kilichobaki, matone mawili matatu yaliyokuwa yamekauka nusu. Alisimama nayo kidogo. Akajiambia kwamba chupa ni chupa, ni ya kampuni, na mwenye nayo hayupo, na mtoto yupo. Akaiweka kikapuni na zingine.

Foleni ilikuwa fupi. Mbuke alinusa moja moja, bila haraka. Hii ndiyo. Hii ndiyo. Alipofika ya ishirini na nne alinusa, akasita. Akanusa tena. Sedekia hakujua macho yake mwenyewe yako wapi. Alipoyatafuta akayakuta yanamtazama kuku.

"Hii hapana," Mbuke akasema.

Hakuna aliyebishana na kigoda kile, na Sedekia alijua hivyo kuliko mtu yeyote. Alipokea chupa yake. Lakini hakuondoka. Nyuma yake watu watatu wakasogea, kisha wakasimama.

"Mama Budeba," akasema kwa sauti ya chini. "Inanuka nini?"

Hilo halikuwa swali la kuulizwa pale. Sheria ile ambayo haikubandikwa popote Mbuke alikuwa ameirithi pamoja na kigoda, na kwa mwaka mzima hakuivunja hata kwa mumewe. Aliitazama foleni. Kisha akamnyang'anya Sedekia chupa, akaipeleka puani mara ya tatu, akafumba macho, akachukua muda wake wote, kama vile hakuna mtu mwingine Rujewa.

"Pombe ya kwenu," akasema. "Ya mianzi. Imechacha sana, imekuwa siki." Akanusa tena. "Lakini chini yake kuna utamu. Bado kidogo. Aliyegema alijua kazi."

Alimrudishia.

"Usioshe," akasema. "Na uizibe vizuri."

Kwenye kipaimara cha Lea wageni walikuwa ishirini na watatu na soda ishirini na tatu. Baba mtu alikunywa maji, na watu waliokuwa wakimwangalia usoni walisema hawajawahi kumwona amefurahi vile.